Maitu na Bawa la Kushoto

Mama mkwe wangu alikubali kupanda ndege kwa sharti moja, kwamba isiwe mimi ninayeiendesha.

Alilisema jikoni kwetu Ruiru, akiwa kwenye kigoda, ungo wa njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, mapajani, bila ubaya wowote, kama mtu anayekuambia hapendi pilipili.

"Nimeona vile unachemsha maziwa," aliniambia. "Unaweka kwa moto, unashika simu, inamwagika. Sasa huko juu kitu ikimwagika utapanguza na nini?"

"Maitu, huko juu hatuchemshi maziwa."

"Hata kama."

Ndivyo ninavyomwita, Maitu, mama, kama anavyomwita mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa ameligeukia sinki huku mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Nilikuwa rubani msaidizi, yule anayeketi upande wa kulia, kwenye ndege ya injini mbili inayobeba abiria humu nchini. Maitu ni mkulima wa Munyu, mashariki mwa Thika, kule ambako mlima Kilimambogo unakutazama kila unapoinua jembe. Binti yake, wifi yangu, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza huko Mombasa. Kwa Maitu, mwanamke aliyejifungua akikosa njahi ni kama hajajifungua, na njahi za kununuliwa Mombasa hakuziamini. Basi la kwenda huko lingemmaliza mgongo. Kazini tunapata tiketi za bei nafuu kwa ajili ya jamaa zetu, kwa hiyo nikamkatia moja, nikachagua siku ambayo sikupangiwa safari, ili sharti lake litimie.

Siku hiyo ilipofika nilikuwa nyumbani kwa zamu ya akiba. Hiyo ni zamu ya kukaa na sare imepigwa pasi ukiomba simu isilie, na kwa kawaida hailii. Mume wangu aliondoka na Maitu mapema kupita kiasi, kwa sababu Maitu alikuwa amesikia ndege haingoji mtu. Alivaa sweta mbili, kwa kuwa alikuwa amesikia pia kwamba huko juu kuna baridi, na alibeba kiondo chenye njahi zilizochemshwa tayari, nduma, yaani majimbi ya kuchemsha, na ndizi za kupika ambazo aliapa hataziachilia zipelekwe kule chini na masanduku.

Gari lao halijafika hata kwenye bypass, simu yangu ikalia. Mwenzangu alikuwa ameumwa na tumbo. Je, ningeweza kuchukua safari yake ya Mombasa? Nikauliza ni ipi. Ilikuwa ileile.

Nilimwandikia mume wangu: "Nimeitwa. Niko kwa ndege yake. Usimwambie." Alinijibu kwa vikaragosi vya kicheko, mstari mzima.

Kapteni niliyempata siku hiyo alikuwa mwanamume mnene, mpole, ambaye akifikiri huimba nyimbo za kanisa kwa pua. Nilimweleza habari za mama mkwe wangu tukiwa tunakagua ndege. Akacheka mpaka akashika tairi.

"Basi leo tutapanda polepole," akasema, "kama tumebeba mayai."

Tulijaza mafuta ya kwenda na kurudi, kwa sababu kule tulikokuwa tunaenda mafuta yalikuwa adimu wiki hiyo. Tukapaa vizuri, bila mtikisiko, na tulipovuka mawingu ya chini kapteni akanigeukia na uso wa mtu aliyelipanga jambo tangu chini.

"Wasalimie abiria," akasema. "Kwa Kiswahili."

Nilijaribu kuinenepesha sauti. Nikataja kimo, nikataja hali ya hewa, nikawatakia safari njema, nikakata haraka. Haikuchukua hata muda wa kumeza mate, simu ya ndani ikalia. Alikuwa mkuu wa wahudumu, mwanamke tuliyefahamiana tangu siku yangu ya kwanza kazini.

"Kuna mama mmoja dirishani, upande wa kushoto, nyuma kidogo ya bawa. Anasema hiyo sauti anaijua."

"Mwambie amekosea."

"Nimemwambia. Anasema hajakosea. Anauliza kama umekula."

Kapteni alikuwa anatazama nje, mashavu yamemvimba kwa kuzuia kicheko.

Tulikuwa tumeshafika kimo chetu, Ukambani imelala chini, kahawia na kavu, chai imeletwa, nilipoona tarakimu za tangi la kushoto zikishuka. Mafuta ya ndege hupungua taratibu, kama mshumaa. Haya yalikuwa yanakwenda kama mtu amechomoa kizibo. Yakafika nusu, yakasita, yakarudi juu kidogo kama yamesahau kitu, kisha yakaporomoka mpaka sufuri. Taa ya manjano ikawaka kutuambia jambo ambalo tayari tulikuwa tumelikodolea macho.

"Kapteni," nikasema. "Kushoto."

"Nimeona."

Akaweka kikombe chini, akaanza kuimba kwa pua. Ulikuwa wimbo ambao kwetu huimbwa watu wakitembea kuelekea kaburini. Sidhani alijua anaimba nini.

Geji ikifanya hivyo kuna mambo mawili tu: mafuta yanakwenda kweli, au geji inadanganya. Ukimwamini mwongo, utaogopa bure. Ukimshuku msema kweli, injini itazima. Na ndani ya bawa huwezi kuchungulia.

Matangi yale mawili yana njia ya kuunganishwa, ili injini zote mbili ziweze kunywa kutoka tangi moja. Swichi yake iko juu ya kichwa, na mkono, ukiona sufuri, unatamani sana kuigusa. Lakini kama tangi la kushoto limetoboka kweli, ukifungua njia hiyo unaweza kupoteza hata mafuta ya tangi la pili lililo zima. Nilijua hivyo vizuri kabisa, na bado niliona ni afadhali niukalie mkono wangu.

"Hesabu," akasema kapteni.

Nikahesabu. Tulijua tumeondoka na mafuta kiasi gani, kwa kuwa aliyetujazia alikuwa na mita yake kwenye lori. Kila injini nayo ina mita inayoandika imekunywa kiasi gani tangu iwashwe. Ukitoa cha pili kwenye cha kwanza unapata kilichobaki. Nilipata kingi, cha kutosha kwenda Mombasa, kurudi, na kuwapitia jamaa njiani. Nikahesabu tena kwa sababu sikujiamini, nikapata vilevile.

Kisha kapteni akalegeza mkono kwenye usukani, akaiacha ndege ijiendee. Kama tangi la kushoto lingekuwa tupu kweli na la kulia limejaa, tungeinama kulia, kama mtu aliyebeba debe la maji kwa mkono mmoja. Ndege ilikwenda sawa, wala haikuelekea kuinama popote.

"Naona huyu anatudanganya," kapteni akasema. "Lakini tumtume mtu aangalie bawa. Kama kuna kinachomwagika kitaonekana nyuma yake, kama moshi mweupe."

Nilimpigia mkuu wa wahudumu, nikamweleza kwa sauti ya chini, nikamwomba aangalie bila kuwashtua watu. Ni baada ya kukata ndipo nilipokumbuka ni nani aliyeketi kwenye dirisha linalofaa zaidi kuangalia bawa la kushoto. Na hapo ndipo hofu, ambayo nilikuwa nimeiweka kando kama mtu anavyoweka mzigo mlangoni, iliingia ndani yote. Watu wote wale nyuma yangu walikuwa watu wa mtu. Huyu alikuwa wangu, na sweta zake mbili.

Yaliyotokea huko nyuma nilisimuliwa baadaye na mkuu wa wahudumu mwenyewe. Aliinama juu ya Maitu kama anayerekebisha pazia la dirisha, akatazama. Akaenda, akarudi, akainama tena.

"Unatafuta nini?" Maitu akamuuliza.

"Naangalia tu, mama."

"Mtu haangalii tu mara mbili."

Yule dada alimtazama usoni, akaamua kwamba huyu si mtu wa kupiga mayowe. Akamnong'oneza kwamba marubani wanataka kujua kama kuna kitu kinamwagika.

"Kumwagika!" Maitu akasema, lakini kwa sauti ya ndani kabisa. "Si nilimwambia?" Halafu akaweka kiondo chake katikati ya miguu, akavuta sweta ya juu, akageukia dirisha. "Wewe enda ushughulikie watu. Mimi niko hapa na sina mahali naenda. Nitaangalia."

Alikataa chai ili asiondoe macho dirishani. Kijana aliyekuwa kando yake alipotaka kujua kuna nini, alimwambia kuna kazi anafanyia mtoto wake, anyamaze.

Simu ya ndani ikalia.

"Bawa ni kavu," mkuu wa wahudumu akasema. "Nimeona mwenyewe, na mama yako pia anasema ni kavu. Anasema hata vumbi iko."

Tulipokuwa tunapumua kidogo, geji ya kulia nayo ikaamka. Hii haikushuka, ilipanda. Ilipita kiasi tulichokuwa nacho wakati huo, ikapita hata kiasi tulichoondoka nacho Nairobi, na bado ikaendelea, kwa furaha.

Kapteni aliacha kuimba. "Sasa tunatengeneza mafuta," akasema. "Tukifika Mombasa tutakuwa tunauza."

Nilicheka kuliko kichekesho chenyewe kilivyostahili. Mwongo mmoja unaweza kumshuku ukitegemea mwenzake. Waongo wawili, mmoja akilia njaa na mwingine akijisifu shibe, wanakuacha na hesabu zako tu. Kapteni hakusita. Mombasa tungeweza kufika, alisema, lakini mafundi wa ndege ile wako Nairobi, na ikishatua Mombasa na geji zote mbili zikiwa hivyo haitaruhusiwa kuruka tena. Tunarudi. Akawatangazia abiria mwenyewe, kwa utulivu wa mtu anayesoma matangazo ya kanisa, kwamba vipimo viwili vinatofautiana, kwamba mafuta yapo ya kutosha, na kwamba tutabadilisha ndege Nairobi. Huko nyuma, nilikuja kuambiwa, mtu mmoja alisema hata gari lake geji ilikufa zamani na bado linamfikisha Mwihoko kila jioni, na safu tatu zikaanza kubishana ni gari gani lenye geji mbaya zaidi.

Lakini kulikuwa na kichekesho kingine kilichokuwa kinatungoja. Kwa kuwa tulikuwa tumebeba mafuta ya kwenda na kurudi, tulikuwa wazito mno kutua mapema vile. Ilibidi tuzunguke kwanza tuyachome. Nikalieleza hilo kwa mnara wa kuongozea ndege.



"Hebu rudia," sauti ya mnara ikasema. "Geji yenu inaonyesha tangi tupu, na mnaomba kuzunguka ili mpunguze mafuta?"

"Ndiyo, ni sahihi."

"Na mna hakika mnayo."

"Tuna hakika."

Kisha tukatumwa kaskazini mashariki, tuzunguke kwa mkono wa kushoto juu ya Thika mpaka tuitwe.

Mimi huishi Ruiru na kila nikisafiri hupita juu yake, lakini siku nyingi huwa naitazama kama mtu anavyoutazama mlango wake mwenyewe. Siku hiyo tulizunguka polepole, chini kuliko kawaida. Niliona mabati ya majumba mapya ya Ruiru yakiwaka jua, barabara kuu ikinyooka kwenda Thika, kisha mashamba ya mananasi yenye mistari kama nywele zilizosukwa, na Kilimambogo upande wa pili, peke yake, kijani. Kila tulipopinda kushoto, bawa la kushoto lililala chini na dirisha la Maitu likageuka kuwa mlango wa kuangalia shamba lake.

Simu ya ndani ikalia.

"Mama yako," mkuu wa wahudumu akaanza.

"Bawa lina nini?"

"Bawa liko sawa. Anasema kuna ng'ombe kwenye mahindi yake."

Sikuelewa. Nikamwomba arudie, akarudia. Kapteni akanitazama. "Ni nini?"

"Mama mkwe wangu anaona ng'ombe kwenye mahindi yake."

Kapteni akafikiri. "Ni wa nani?"

"Hajui," nikasema. "Anauliza kama ndege inaweza kuteremka kidogo."

Kutoka kimo kile ng'ombe ni nukta, tena nukta ambayo inaweza kuwa kichaka, tangi la maji, au kivuli cha mwembe. Nilituma ujumbe kwamba haiwezekani, na kwamba aendelee na bawa. Jibu lililokuja ni kwamba anaweza kuangalia vyote viwili. Na kweli, kila mzunguko aliripoti: bawa kavu, ng'ombe bado. Mzunguko wa mwisho aliripoti kwamba wameingia upande wa viazi.

Mnara ulipotuita tulikuwa na uzito unaofaa. Tulitua laini, magari ya zimamoto yakitufuata kando ya njia, kama inavyotakiwa. Injini zilipozimwa kapteni alinipa mkono, nami nikaupokea kwa mikono miwili.  

Mafundi walikuja na kupima mafuta kwa vijiti maalumu vinavyoteremshwa chini ya bawa, ambavyo havitumii umeme na kwa hiyo havina sababu ya kudanganya. Matangi yote mawili yalikuwa na mafuta karibu sawasawa na hesabu yangu. Unyevu ulikuwa umeingia kwenye kiungo kimoja cha nyaya, mahali ambapo habari za matangi yote mawili hupitia, na ukawa unasema unavyotaka.

Nilimkuta Maitu nje, kwenye lami, abiria wengine wakingoja basi la kuwarudisha ndani. Alikuwa na simu sikioni na kidole hewani, akizungumza na baba mkwe wangu aliyebaki Munyu.

"Hapana, sijafika Mombasa! Niko Nairobi. Toa ng'ombe kwa mahindi... Nimeona na macho yangu... Nilikuwa juu... Ati juu ya nini? Juu! Kwa ndege!... Usiniambie uko shambani. Uko kwa duka unacheza drafti. Toa ng'ombe!"

Alikata simu, akaniona. Nilikuwa nimejitayarisha kwa swali la sharti nililovunja. Alinitazama kuanzia viatu vya sare mpaka kofia, akanivuta pembeni, mbali na watu.

"Hii kitu ilikuwa mbaya?" akaniuliza.

Ningeweza kumwambia hapana. "Ingeweza kuwa mbaya," nikasema. "Haikuwa. Ulituambia bawa ni kavu, na hiyo ilitusaidia."

"Uliogopa?"

"Kidogo, Maitu."

"Mimi pia," akasema. "Nilikuwa nashikilia njahi hivi." Akanionyesha alivyokuwa amekumbatia kiondo. Kisha akafungua karatasi, akatoa kipande cha nduma, akanitilia mkononi, akasimama mbele yangu ili abiria wasimwone rubani akila wima kama mtoto wa shule. Nilikimaliza chote. Sikujua nilikuwa na njaa kiasi hicho.

Ndege nyingine ilipopatikana aliulizwa na mkuu wa wahudumu kama angependa kukaa kiti cha mbele, penye nafasi. Alikataa. Alitaka kilekile, kushoto, nyuma kidogo ya bawa. Tulifika Mombasa mchana umeinama, geji zote mbili zikishuka kwa adabu njia nzima, na wifi yangu alikula njahi jioni hiyo. Aliniambia kwamba Maitu hakugusia kabisa habari za mafuta. Alisimulia habari za ng'ombe, mara mbili, na mara ya pili walikuwa wameongezeka.

Kwa kweli walikuwepo. Walikuwa ng'ombe wao wenyewe, waliosukuma lango lililofungwa kwa kamba iliyochakaa, na baba mkwe wangu alikuwa dukani kweli, akicheza drafti. Alikimbia kurudi, akawakuta kwenye viazi. Mpaka leo sijui kama Maitu aliwaona au alimjua tu mumewe.

Miezi kadhaa baadaye tulienda Munyu kuwasalimia. Maitu alikuwa jikoni, mume wangu alikuwa anashusha magunia ya mbolea kutoka kwenye gari. Baba mkwe wangu aliniita nyuma ya zizi, akitazama kulia na kushoto, kwa sauti ya mtu anayetaka ushauri wa daktari.

"Mwari wakwa," akasema, yaani binti yangu, "wewe ndio unajua hizi mambo. Mtu akiwa huko juu, anaona vizuri? Anaweza kutambua mtu?"

Nilifikiria kumwambia ukweli. Nikawaza pia jinsi Maitu alivyosimama kunikinga pale kwenye lami nikila nduma.

"Inategemea mawingu, Baba," nikamwambia.

Alitikisa kichwa kwa uzito, akashukuru, kisha akaniuliza kama ningependa kufungiwa ndizi za kurudi nazo nyumbani.